Mzinga Uliokwama Digbeth

Kabla sijauona, niliusikia: chuma kikigonga ngazi za chuma, kipande baada ya kipande, na sauti ya mwanamume ikihimiza kwa Kiswahili cha Lubumbashi. "Polepole. Hii iko na miguu tatu, haina haraka."

Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, katika makumbusho ya mtu binafsi, ghorofa ya juu ya ghala kuukuu la mtaa wa Digbeth, huku ughaibuni. Mwenye sauti alikuwa Papa Kalonji, Fundi Mkuu. Alichokuwa akipandisha ni mzinga mwepesi wa kutungulia ndege, wa vikosi vya Kijerumani vya milimani. Bila kuniuliza jina akanibebesha mguu mmoja.

Ninyi vijana mnaoingia kazi hizi huuona mzinga umesimama mkadhani ulizaliwa umesimama. Huu uliundwa ili ufunguliwe. Mtutu, wenye tundu la milimita ishirini, ulichomoka peke yake. Miguu ilitenganishwa. Ngao, lile bamba la kumkinga mpiga mzinga, ilibebwa kando. Vipande vilipakiwa juu ya nyumbu wa mizigo, wale wanaozaliwa na punda na farasi, na njia ikiwashinda nyumbu, juu ya migongo ya watu. Watu hao walikuwa wakienda kuua. Sikulisahau hilo hata siku moja nikiwa na msasa mkononi.

Nilianzia meza ya kutu, nikapandishwa hadi kuunganisha, kisha nikapewa kusimamia ukumbi wa maonyesho. Huko nikakutana na Meneja wa Maonyesho, mtu mpole aliyenichosha kuliko kutu yoyote. Watoto wa shule waliuchezea mzinga mpaka pini zinazoshika viungo zikalegea, akaamua viungo vyote vichomelewe. Nikamwambia mzinga wa milimani usiofunguka ni mwavuli usiokunjika. Akatabasamu, akasema wageni hawaji kutazama pini. Nikamgeukia Papa Kalonji anitetee. Alikwisha vaa miwani ya kuchomelea.

"Mama Salma, acha. Hii ni kazi yangu ya mwisho. Bajukuu baikumbuke."

Akachomelea, akastaafu. Mshono ulikuwa sawasawa kama ukili wa mkeka. Jumamosi alileta wajukuu kutoka mtaa wa Kingstanding wautazame mshono. Mzinga wenyewe hakuujali.

Kisha ghala likauzwa. Ukumbi mpya ulikuwa tayari, ila mlango wa ngazi ukaukataa mzinga mzima. Meneja akapima, akapima tena, kana kwamba ukuta ungemwonea huruma. Kisichotoka kufikia Ijumaa kingekatwakatwa na wauza vyuma chakavu. Nilitaka kucheka, hasira ikanizuia. Kitu kilichoundwa ili kipandishwe milimani kilikuwa kimeshindwa na ngazi zetu!

Aliyeweza kuufuata mshono ule bila kukijeruhi chuma cha zamani alikuwa mmoja. Nikampigia simu. Akasema yeye hakuchomelea ili kufungua, akakata simu.

Ijumaa asubuhi akatokea na grinda yake ya kukatia chuma. Hakutusalimu. Meneja akaanza kuomba radhi.

"Bosi," Papa Kalonji akamkatiza, "wewe utabeba ngao."

Akaukata mshono wake taratibu, cheche zikimrukia ndevuni. Kila kiungo kilipoachia alikifuta kwa kitambaa, kama anayemfuta mtoto uso. Meneja akashuka na ngao, tai imemning'inia mgongoni, akihema. Nikamwambia nyumbu hawakuvaa tai. Nami nikashuka na mguu wangu, labda ule ule wa siku ya kwanza, nikapanda kufuata mwingine.

Sasa nimestaafu, nakaa mtaa wa Hodge Hill. Vijana wakiniuliza siri ya kazi, siwapi siri. Nawaambia watakasirika sana, na wakati mwingine mtu atakuja na grinda yake. Kisha namwona tena akilini Papa Kalonji Ijumaa ile, katika ukumbi mtupu, mtutu begani. Nilikuwa nimeokota sakafuni kipande cha mshono wake. Nikamwuliza kama nimhifadhie, kwa ajili ya wajukuu.

"Hapana, mama. Batasema babu hakujua kuchomelea. Si ilifunguka?"

Akausukuma mlango kwa bega lililokuwa huru, akapita. Ukajifunga nyuma yake.