Meza ya Rwanda

Watu wa kijiji cha Kaisho walimjua kwa jina la Vero, mke wa Leonidas, na hata baada ya Leonidas kufa waliendelea kumwita hivyo, kana kwamba mumewe yuko shambani na jioni atarudi. Umutesi, jina alilopewa na mama yake, lilijulikana na wachache sana, na wengi wao walikwisha kuzikwa. Wazazi wake walitoka Rwanda wakavuka mto Kagera na ng'ombe wao kabla yeye hajazaliwa. Yeye alizaliwa upande huu wa Tanzania, akabatizwa upande huu, akaolewa na Mnyambo, mwenyeji wa hapa. Lakini mwaka ule wa operesheni, wahamiaji walipotakiwa warudi makwao, kaka yake aliondoka na godoro kichwani. Vero alisalimika kwa sababu Leonidas alisimama mbele ya watu akasema, "Huyu kazaliwa hapa, na ni mke wangu wa ndoa ya kanisani. Mkimchukua, nichukueni na mimi."

Tangu hapo Vero akajifunza kunyamaza. Hata binti yake wa pekee, Ainembabazi, hakuwahi kumsikia akitamka neno la lugha ya bibi yake.

Mwaka jana shule ya kijiji ikaandaa tamasha pamoja na wazazi. Nia ilikuwa njema: watoto ambao hata Bukoba hawajafika waone watu wa nchi nyingine wanavyokula, wanavyovaa na wanavyocheza. Kila darasa likapewa nchi yake. Darasa la tatu likapata Japani, la nne Meksiko, la sita India. La tano, darasa la Ainembabazi, likapata Rwanda, na watoto wakanung'unika kwamba wamepewa majirani. Ainembabazi alirudi nyumbani amenuna.

"Wenzetu mwalimu amewaonyesha mavazi kwenye simu. Sisi hatuna kitu. Hakuna hata mmoja anayejua ngoma ya huko."

Vero alikuwa akimenya ndizi. Akaweka kisu chini na kujifuta utomvu mikononi.

"Simama," alisema. "Nyanyua mikono. Siyo hivyo, hivyo unaomba mvua. Hizi ni pembe za ng'ombe. Ng'ombe wa bibi yako walikuwa na pembe ndefu, zimepinda hivi."

Akamwonyesha. Miguu yake, ambayo haikucheza tangu usichana wake, ikakumbuka yenyewe.

"Mama! Ulijifunza wapi?"

"Kwa mama yangu."

Walicheka, wakacheza pale pale jikoni, na ndizi zikachelewa kupikwa.

Mtoto hawezi kukaa na jambo kama hilo kifuani. Kesho yake Mwalimu Sperancia, binti kutoka Muleba ambaye alikuwa bado mgeni shuleni pale, alipiga hodi.

"Shikamoo, Mama Aine."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimekuja kukuomba utufundishie watoto. Nimesikia unaijua ngoma vizuri."

"Mwalimu, niache tu. Watu wa hapa wana maneno."

"Mama, ni michezo ya watoto! Nani atakuwa na neno?"

Angekataa. Baadaye alijiambia mara nyingi kwamba angekataa. Lakini Ainembabazi alikuwa amesimama mlangoni, anamtazama mama yake kama mtu aliyegundua kwamba nyumbani kwao kuna hazina. Vero akakubali.

Siku za mazoezi zilikuwa njema kuliko zote tangu amzike mumewe. Watoto walitaka kila mmoja awe na jina la Kinyarwanda, akawagawia. Kasichana kamoja kakamuuliza, "Na wewe jina lako?" Akajibu bila kufikiri, "Umutesi." Mwalimu alikuwa karibu, akalipenda.

Siku ya tamasha uwanja ulijaa. Meza zilipangwa chini ya turubai, kila nchi na meza yake, na kila mtoto alikuwa na pasipoti ya karatasi ya manila ya kugongewa mihuri iliyochongwa kwenye viazi. Vero alikaa kwenye meza ya Rwanda, amejifunga shuka jeupe begani, anagonga mihuri na kutabasamu. Kisha darasa la tano likacheza. Mikono midogo ikapanda pamoja, ikapinda, ikaelea, na hata wanaume waliokuwa wakipiga soga pembeni wakageuka kutazama.

Mwalimu Sperancia, kwa furaha, akachukua kipaza sauti.

"Wazazi wangu, ngoma hii haikutoka kwenye simu! Tunaye Mama Umutesi hapa, Mnyarwanda halisi, mwenyewe wa huko huko! Mpigieni makofi!"

Wakapiga makofi. Vero aliinama kushukuru, na alipoinua uso akamwona Clavery, kaka wa marehemu mumewe. Huyo hakupiga makofi. Kibanja cha Leonidas, shamba la migomba na kahawa lenye nyumba yake, kilipakana na chake, na tangu siku ya mazishi alikitamani ila hakuwa na pa kuanzia. Akaja taratibu mpaka mezani.

"Shemeji," alisema kwa upole. "Kumbe."

Akageuka, akaenda zake.

Kikao cha ukoo kiliitwa wiki iliyofuata, nyumbani kwa Clavery. Alikuwepo Mzee Aristides, mwenyekiti wa kitongoji, na Mwalimu Sperancia alikuja bila kuitwa.

"Sijazua mimi," Clavery alisema. "Imetangazwa uwanjani. Kibanja cha ukoo hakiwezi kukaa mikononi mwa mtu wa nchi nyingine."

"Nimezaliwa hapa Kaisho," Vero alisema. "Leonidas aliwaambieni."

"Leonidas yuko wapi?"

Mwalimu akasimama. "Jamani, kosa ni langu. Nilisema vile kupendezesha tamasha. Mimi historia yake siijui."

"Kama huijui, kaa chini," Clavery alimwambia.

Vero akamgeukia mwenyekiti. "Mzee wangu, niandikie barua kwamba mimi ni mwenyeji. Wewe unanijua tangu nikiwa msichana."

Mzee Aristides alitazama viatu vyake. "Mama, wakubwa wakiniuliza nitasema nini? Ulitajwa mbele ya watu wote."

"Sikusema mimi."

"Hukukana."

Kuhusu mtoto hawakubishana hata kidogo. Ainembabazi ni damu ya ukoo. Atakaa kwa baba yake mkubwa, Clavery, na mkewe, atasoma hapo hapo. Mama yake hakuna aliyemfukuza, walisema. Ila nyumba imo ndani ya kibanja.

Mwalimu Sperancia alimsihi aende baraza la kata. Vero alikwenda, akafika mpaka mlangoni. Aliona watu kwenye benchi, kila mmoja na makaratasi yake mkononi, naye kitambulisho cha taifa hakuwahi kupewa. Kila alipokwenda kufuatilia aliambiwa asubiri. Akawaza: wakiniuliza uraia wangu, wakanivusha mto, mwanangu nitamwona lini tena? Akageuka akarudi. Mwalimu naye baadaye aliomba uhamisho, akaondoka.

Sasa Vero yuko Ihanda, kijiji kingine, anapalilia kahawa ya mama mmoja mfanyabiashara na kulala chumba cha uani. Jumapili hupiga simu kwa Clavery, na Clavery akijisikia hupokea.

Krismasi walimruhusu Ainembabazi kumtembelea. Alikuwa amerefuka. Walikula ndizi na maharage, kisha mtoto akaanza hadithi ya nyumbani: "Juzi mama alituambia..." Akasita. "Mama mkubwa," akasahihisha, macho chini.

"Endelea," Vero alisema. "Alisemaje?"

Bodaboda aliyetumwa na Clavery alifika kabla jua halijatua. Vero alimfunga mwanawe sweta hadi kifungo cha mwisho, akamwambia ashike vizuri. Pikipiki ilipokata kona akarudi uani kuanua kahawa ya watu, maana mawingu yalikuwa yanakusanyika.