Siku Niliyomvuta Ndama wa Mama Adela

Nikiri mapema: katika haya yote mwenye makosa ni mimi, si ng'ombe, si kamba, wala si watu wa kijiji cha Kimuli walionicheka.

Mimi ni bwana mifugo, kwetu Muleba, na wiki hiyo nilikuwa nimechoka mwili na roho kwa kazi ya chanjo, zizi hadi zizi, halafu Ijumaa, juu ya uchovu huo, nikafundisha semina ofisi ya kijiji kuhusu ng'ombe kuzaa. Nikachora ubaoni seli za mfuko wa uzazi, nikaeleza kwamba uchungu ni umeme mdogo sana unaopita seli hadi seli, ukifika unafungua vijilango kwenye ukuta wa seli, kalsiamu inaingia, msuli unajikaza. Kalsiamu ikipungua kwenye damu, hata vijilango vikifunguka kinachoingia hakitoshi, na mnyama hasukumi. (Nilijipenda sana siku ile, msinione hivi.)

Jumapili nikaalikwa kipaimara, nikavaa suti yangu moja. Kabla sijanawa mikono nile, akaja Mama Adela, mjane wa jirani, kuniambia ng'ombe wake wa maziwa, anayewanywesha wajukuu wake wanne, ameshindwa kuzaa tangu asubuhi. Nikachukua mkoba kwenye pikipiki, nikaenda, na nusu ya wageni wakanifuata na viatu vyao vya kanisani.

Ng'ombe alikuwa amelala kimya, miguu ya ndama imechungulia. Nilipaswa kumpima. Ila nilikuwa na njaa, nimechoka, watu wananitazama, nikaamua nisipime, ndama ni mkubwa tu, tuvute. Nikavua koti, nikafunga kamba, nikawapanga wanaume watano nyuma yangu, nikahesabu moja mbili tatu kwa sauti ya mtu anayejua. Tukavuta mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu kamba ikakatika, wote tukaanguka, mimi nikaketi katikati ya samadi na suruali ikapasuka nyuma kutoka mkanda hadi nisikotaka kusema.

Walicheka hadi katekista, mtu mpole sana, akageuka kutazama migomba.

Mama Adela hakucheka. Akachuchumaa karibu yangu, akasema polepole, kama asiyetaka wengine wasikie, "Samahani, bwana mifugo. Ijumaa ulisema asiyesukuma tumshike masikio kwanza. Nimemshika tangu asubuhi, ni ya baridi."

Nikayashika. Baridi kweli, dalili ya kalsiamu kupungua. Na chupa ya kalsiamu ilikuwemo mkobani muda wote.

Sasa dawa hiyo inaingia mshipani kwa mpira, na haikimbizwi, maana hata moyo una vijilango vyake, ukiimwaga kwa haraka moyo unasimama, kwa hiyo ilinibidi nisimame pale nimenyanyua chupa kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kipimo cha moyo kifuani kwa ng'ombe, na hakuna mkono wa tatu wa kufunika suruali. Mama Adela akanifunga kitenge kiunoni. Nikasimama hivyo hadi mkono ukafa ganzi, watu wakiniuliza maswali ya semina, nami nikiyajibu.

Chupa ilipokaribia kwisha ng'ombe akatetemeka, akacheua, akainua kichwa. Kisha tumbo likajikaza lenyewe, likalegea, likajikaza tena. Ndama akatoka kwa kuvutwa kidogo tu, mzima, ila mguu mmoja ulivimba kwa kamba yangu na alichechemea siku nyingi.

Nilipomwomba radhi Mama Adela, nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema, kabla ya kamba. Akanionyesha daftari lake la semina, kila kitu kimeandikwa, hata vile vijilango.

"Nilikuona umefunga kamba," akasema, "nikadhani mimi ndiye niliyeandika vibaya."

Neno hilo liliniuma kuliko kicheko. Alikuwa tayari kumpoteza ng'ombe wake kwa kuniamini mimi niliyekuwa nimechoka hata nisikumbuke maneno yangu mwenyewe.

Uchovu bado ninao, kazi ni ileile. Ila sifungi tena kamba kabla ya kumuuliza mwenye ng'ombe ameona nini, na akianza kujibu nakaa chini, hata kama wali unapoa.