Mhakiki wa Tanbihi

Ting! Kengele ya taipureta. Ikupa aliisikia mara ya kwanza mwaka 1993, nyuma ya mlango wa chumba cha jarida la wanafunzi wa sheria, chuoni Dar es Salaam. Alikuwa amesimama nje na wenzake hamsini wa mwaka wa kwanza, wakingoja mtihani wa kuingia.

Walipewa kurasa ishirini zenye makosa yaliyofichwa, na siku mbili za kuyatafuta. Ikupa, binti wa wakulima wa Mpuguso, Rungwe, aliyapata yote, akaongeza moja ambalo watahini wenyewe hawakuliona. Walichukuliwa sita. Yeye akapewa tanbihi: kufungua kila kitabu kilichotajwa chini ya ukurasa, kulinganisha maneno, kutia tiki. Toleo la kwanza lenye jina lake, mama yake Sekela alilipeleka kanisani, likapita mikononi mwa watu kama mtoto mchanga.

Mwaka wa pili ikaja makala ya kusifu wawekezaji wa chai Rungwe. Jina la mwandishi lilifichwa, ndiyo desturi ya jarida. Tanbihi ya thelathini na moja ilitaja ripoti ya mthamini wa ardhi: ekari nne za bondeni, Mpuguso, hazina mwenyewe.

"Kaka Benson," Ikupa alimwambia mhariri mkuu, "hapa ni kwetu. Shamba tulilipumzisha tu babu alipofariki. Amezikwa humo humo."

"Babu yupo ukurasa wa ngapi?"

Chumba kizima kikaangua kicheko.

"Ripoti inasema hivyo, au haisemi?"

"Inasema."

"Basi tia tiki, dada. Kiti chako kina watu kumi wanakiotea."

Na viti hivyo ndivyo vilivyotazamwa na mawakili wa mjini, waliokuwa wakitafuta vijana wa kuhudumia makampuni mapya. Maneno ya makala yalilingana na ya ripoti, herufi kwa herufi. Ikupa akatia tiki.

Mwaka uliofuata kampuni ya chai ikapiga vigingi bondeni. Sekela akaenda mahakamani Tukuyu peke yake, kanga imelowa mvua. Wakili wa kampuni akainua jarida jembamba lenye jalada la buluu. Wasomi, alisema, walikwisha kulichunguza jambo hili. Sekela akaruka kutoka kwenye benchi.

"Mheshimiwa, hilo ni la mwanangu! Jina lake limo, tazama nyuma!"

Wakili akaligeuza, akalisoma jina kwa sauti, akainama kwa adabu. "Namshukuru sana mama."

Kesi ikaisha kabla ya mchana.

Ikupa aliporudi likizo, miche ya chai ilikuwa imeshika hadi juu ya kaburi. Mama yake alikuwa jikoni, anamenya ndizi. Hakukaripia.

"Gwe mwanangu, nimewaambia watu wote kwamba hukujua. Makaratasi mengi hivyo, utajuaje? Baba yako mdogo Anyitike anadai ulijua. Nimemtimua hapa na mwiko, mzee mzima, kiatu kimoja mguuni!"

Akacheka kidogo. Kisha akaacha kumenya, akangoja.

Ikupa akachukua kisu, akamenya ndizi moja, akamenya ya pili. Utomvu ukamganda vidoleni. Alipofungua kinywa, mama yake ilibidi ainame ili asikie.

"Nilijua, mama."