Viroba kwenye Kona ya Karakana

Tangu mama afe sijampa shikamoo jirani yetu wa juu. Tukikutana njiani namwambia "habari," kama mtu wa rika langu, na yeye ana mvi mpaka kwenye nyusi. Huku Gongo la Mboto hilo ni tusi. Anajua kuwa ni tusi, na kila mara ananiitikia, "Nzuri, mwanangu." Shule niliiacha darasa la sita, kwa hiyo haya ninayoandika sikufundishwa na mtu. Nimeyawaza mwenyewe huku nikihamahama, na bado sijayamaliza.

Nyumba yetu iko kwenye mteremko. Juu yetu anakaa yeye, mchonga vinyago aliyekuja mjini kutoka kusini kabla mimi sijazaliwa. Chini yetu kuna vyumba vya wapangaji, halafu bustani za mchicha, halafu mto. Mama alikuwa na kisima nyuma ya nyumba, kifupi tu, ukiinama unaona uso wako. Alijivunia kisima kile kuliko alivyonijivunia mimi, wala sikumlaumu. Kisima angalau kilikuwa kinakaa mahali pamoja.

Mimi sikukaa. Niliuza kahawa Tabata, nikabeba zege Chamazi, na masika mbili nikafanya kazi Temeke ya kutapisha vyoo. Vichochoro vya huko ni vyembamba, gari la majitaka haliingii, kwa hiyo choo cha shimo kikijaa watu husubiri mvua kubwa. Mvua ikishika, unatoboa ukuta wa shimo upande wa chini, uchafu unatoka, maji yanaubeba, na wenye nyumba wana nafasi mwaka mzima. Sisi wa kazi hiyo tuliitwa vyura. Hakuna aliyeiona kuwa ni uovu. Ukimaliza wanakupa sabuni na chai ya rangi, wanakuombea heri. Sikuwahi kuuliza chini anakaa nani.

Masika aliyokufa mama, jirani alitapisha choo chake mwenyewe. Mke wake alikuwa na siku tisa tangu ajifungue, mtoto wao wa kwanza baada ya miaka mingi ya kukosa, na shimo lilikuwa limeanza kurudisha maji mpaka kizingiti cha chumba cha mzazi. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa inamwagika kama ya ndoo. Akachukua sururu, akatoboa. Aliamini mvua itabeba kila kitu mpaka mtoni. Baada ya nusu saa ikakatika, jua likatoka. Yaliyotoka kwake yakatulia uani kwetu, yakakizunguka kisima.

Nilikuwa Chamazi. Nilikuja kuambiwa kwamba mama alifagia, akamwaga jivu, akakifunika kisima siku mbili, halafu akachota kwa sababu aliyaona maji yametulia. Niliporudi alikuwa kwenye kambi ya wagonjwa wa kipindupindu. Nilimwona mara moja tu, kupitia wavu wa dirisha. Alipofariki hatukumwosha sisi. Dada zake walisimama nje ya uzio na ubani na karafuu maiti ndani ya mfuko wa plastiki, wakaambiwa haiwezekani. Waliomwosha ni watu wa afya wenye mabuti, kwa dawa, na kaburini wakatuweka mbali. Matangani hakikupikwa chochote. Mwanamke aliyesonga ugali kwenye misiba ya mtaa mzima, msiba wake ulikosa hata chai.

Jirani alikuja siku ya pili, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mwanangu, sikukusudia."

"Najua."

"Nilikuwa na mzazi ndani. Nilidhani mvua itaendelea."

"Hayo yote nayajua. Kusudi lako halimfufui mama."

"Halimfufui, kweli."

"Basi ondoka nalo."

Mama mkubwa, dada yake mama, alinigombeza baadaye. Madrasa mlifundishwa nini, akasema, kila tendo na nia yake. Nikamuuliza kama mama alikunywa nia. "Usinijibu kama mlevi," akaniambia, lakini hakulirudia tena jambo lile.

Baada ya hapo niliacha kuhama. Nilikaa kwenye nyumba ile mpaka masika nyingine kwa kazi moja tu, kujifunza maji. Napenda kujua vitu. Ndiyo tabia yangu pekee ambayo mwalimu aliwahi kuisifu. Nilikuwa namwaga ndoo ya maji barabarani juu, naweka maganda ya karanga, nayafuata yanavyoteremka. Nikagundua kwamba mafuriko yote hushuka na kichochoro mpaka kona ya karakana yake ya kuchongea. Pale yanagawanyika, mengi yanakuja kwetu, machache yanapita kwake. Ukiweka kizuizi kwenye kona ile, ukakilaza mshazari kidogo, yote yataingia kwake. Karakana kwanza, kisha ua, kisha chumba cha kulala. Hicho ndicho nilichotaka. Nilitaka asimame ndani ya uchafu ndani ya nyumba yake, akiona vitanda vyake vinaelea, na ajue ni nani.

Nilijaza mchanga viroba kumi na tisa. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kujikinga, na mtaani kila aliyepita alinisifu. Yeye mwenyewe alitoka karakanani, akanisaidia kubeba viwili.

"Tungefanya hivi mapema, mwanangu," akasema huku anahema.

"Tungefanya."

"Hiki hujakilaza vizuri. Kitasukumwa." Akainama akakibana kwa goti lake, mshazari ule ule niliokuwa nautaka mimi.

Nilicheka ndani ya tumbo kwa wiki nzima.

Mvua ilikuja asubuhi. Maji yalipofika kwenye viroba yaligeuka kama ng'ombe anayejua zizi lake. Sikubaki ndani. Nilipanda mpaka kwenye kona nikasimama nimelowa chapachapa, kwa sababu nilitaka kuuona uso wake. Mlango ukafunguka. Maji yalikuwa yamemfika magotini, na vinyago vyake vilikuwa vinamgonga miguuni. Akaniona. Hakuniuliza nimesimama pale kufanya nini. Alinitia mtoto mikononi, akageuka kwenda kumtoa mke wake na mama mkwe wake aliyekuwa anakaa nao.

Mtoto alikuwa ananuka mafuta ya nazi. Mikono yangu ilimshika tu, nisingeweza kumwachia. Tukapanda wote mpaka barabarani. Nyuma ya chumba chao kulikuwa na ukuta mrefu wa uzio wa mwenye jumba la juu, uliojengwa juu ya kifusi. Maji yangu hayakuugusa. Ulikuwa umelowa wiki nzima kutoka upande wa pili. Tulikuwa tumesimama barabarani kwa muda wa kunywa kikombe cha chai ulipoanguka, wote kwa mara moja, ukafunika kitanda ambacho mama na mtoto wangekuwa wamekilalia, kwa sababu siku ya mvua nani anatoka ndani?

Kuanzia siku hiyo nikawa mtu mwema. Msikitini kwetu walinitaja, kanisani kwao wakaniombea. Kijana alisimama kwenye mafuriko akiwangojea, walisema. Jirani alinichongea kigoda cha mninga, kizuri kuliko vyote nilivyowahi kumwona akiuza, na mke wake akawa anamleta mtoto kwangu akienda sokoni. Mtoto alijifunza kutembea akinishika suruali.

Sijawahi kuona wizi kama ule. Nilipanga kisasi changu kwa miezi, kikageuka kuwa zawadi kwa yule yule niliyemchukia. Kila "Mungu akulipe" ilikuwa inamzika mama upya. Kigoda nilikiacha barazani bila kukikalia, mpaka siku moja nikakibeba kurudi karakanani. Niliona nimebakiwa na silaha moja tu, ukweli.

Alikuwa anapiga msasa. Mke wake alikuwa kizingitini anachagua mchele, mtoto anachezea mabaki ya mti.

"Kigoda kina nini?" akauliza. "Kinakuuma makalio?"

"Viroba vile nilivilaza vikuelekee wewe."

Msasa ukaendelea kidogo, ukasimama. "Wacha masihara."

"Nilisimama pale kukuangalia ukizama. Sikuja kuokoa mtu."

Mke wake aliacha mchele. Aliinuka, akamnyanyua mtoto, akaingia naye ndani, na nikasikia komeo.

Mzee aliukunja msasa, akauweka chini. Nilitegemea hasira, nilikuwa nimeingoja zaidi ya mwaka. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtu anayebishania kipimo cha mbao.

"Mie nilikuja kwako na kusudi langu, ukanifukuza nalo. Ulisema halimfufui mama yako."

"Ndiyo."

"Leo unaniletea kusudi lako unataka nilipokee. Mwanangu yu hai. Nikupime kwa lipi? Maana kama ni kusudi, mie sina kosa. Kama ni kilichotokea, wewe huna. Chagua kimoja, tupimiwe wote."

"Sichagui."

"Hutaki kuchagua kwa sababu vyote viwili vinakukatalia unachotaka." Akapuliza vumbi. "Na wale wa Temeke uliokuwaga unawatapishia, chini alikaa nani?"

Nilikiacha kigoda pale pale, nikaondoka. Nimelala Tabata, nimelala Chamazi, nimelibeba swali lake kama mtu aliyebeba jiwe la mwenzake. Nimeelewa kitu kimoja tu, kwamba mtu anaweza kushindwa kabisa katika hoja na chuki yake isipungue hata tone.

Mtoto haletwi tena kwangu. Hilo nalo ni matokeo, na sikulikusudia.

Kila masika narudi nyumbani. Mawingu yakikusanyika upande wa Pugu, nakichukua kigoda, ambacho alikirudisha mlangoni kwangu siku ile ile, nakiweka kwenye kona, nakaa na jembe mapajani, naliangalia shimo lake. Hajalitoboa tena. Alichimba la pili, tena mbali na mteremko. Wapangaji wa chini wananiletea uji, wanasema tangu nianze kukaa pale hawajaugua. Wanadhani nawalinda. Mimi nangoja atoboe.

Leo asubuhi manyunyu yameanza. Alitoka na chepe, akasimama karibu na shimo, akanitazama.

"Unakikalia sasa," akasema.

"Nakikalia."

Alingoja shikamoo kidogo, kama anavyongojaga.

"Habari," nikamwambia.

"Nzuri, mwanangu." Akaliegemeza chepe ukutani, akaingia ndani. Mvua ikaongezeka, nikavuta kigoda mbele kidogo.