Gari Lisilo na Chasisi

Siku yangu ya kwanza kwenye gereji ya Shinyanga niliingia na kichwa kimevimba kwa majivuno. Nilikuwa nimekaa miaka minne Kahama nikinyoosha bodi za malori ya pamba, na mkuu wa karakana ya kule alikuwa ameniandikia barua ya sifa. Fundi Mkuu wangu mpya, Mzee Maganga, nilimkuta amelala chini ya Land Rover, inaonekana miguu tu. Nikaiamkia miguu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

"Nimekuja kazini. Mimi ni Stanslaus, fundi bodi kutoka Kahama."

"Fundi bodi," ikajibu miguu. "Haya, fundi bodi, nipe spana ya kumi na saba, halafu tutaona."

Hakutoka kunisalimia, na barua ile aliisoma baada ya wiki mbili. Ndivyo alivyokuwa. Lakini ninyi vijana mnaojaza puti, ile rojo ya kuzibia, kwenye kila bonde la bati na kujiita mafundi, sijui kama mngemaliza hata siku tatu mbele yake. Puti kwake ilikuwa ya kusawazisha, si ya kuziba. Bati lililobonyea ulilitoa kwa mikono miwili: mmoja unapiga nyundo, na mwingine, nyuma ya bati, umeshika kipande cha chuma kizito ili bati lisinyooke kupita kiasi. Unapiga taratibu, unapapasa kwa kiganja, unapiga tena. Kiganja kinaona kuliko jicho. Aliyeniambia hivyo ni yeye, na nimekuta ni kweli.

Gereji ile ilikuwa na desturi moja ambayo sijaikuta kwingine. Gari likitoka matengenezoni, Mzee Maganga aliliendesha mwenyewe kwenye barabara ya Mwadui, yenye matuta madogo madogo kama bati la nyumba, na fundi aliyelitengeneza alikaa kiti cha pembeni. "Aliyeshika nyundo ndiye anayekaa," alikuwa akisema. Ukikaza bolti huku unajua wewe ndiye utakayelikalia, unaikaza vizuri.

Rafiki yangu pale alikuwa Doto, mpaka rangi, Msukuma wa Kagongwa, mtu wa mzaha asubuhi hadi jioni. Mimi ni Msumbwa wa Ushirombo. Akiniona nimevaa rozari ananiuliza, "Stani, leo unanyoosha bodi au unaibatiza?" Mkewe, Mama Kabula, alikuwa akileta chakula cha mchana kwenye kikapu, na hajapata kuleta cha mumewe peke yake. Alinipakulia mimi kwanza. "Shemeji, kula, wewe huna mtu," ananiambia. Nilikula ugali wa yule mama miaka mitatu.

Halafu likaja gari jekundu.

Lilikuwa gari la michezo, la watu wawili, halina paa, chini kabisa kama mtu aliyechuchumaa. Mwenyewe alikuwa Bwana Mhandisi mmoja, ambaye alitaka liondolewe kutu kabla ya kulisafirisha. Lilikuwa limeoza vizingiti, yaani zile boksi mbili za bati zinazopita chini ya milango, kushoto na kulia.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipomuua mtu.

Lori lina chasisi. Ni vyuma viwili virefu kutoka mbele hadi nyuma, na ndivyo vinavyobeba injini, springi na mzigo. Bodi imekaa juu tu, kwa bolti. Unaweza kuing'oa yote na lori likaondoka. Kwa hiyo mimi, mtoto wa malori, niliona bodi ni nguo. Ikichanika unashona. Gari lile jekundu halikuwa na chasisi hata kidogo. Mwili wake ndio mifupa yake. Ukuta wa mbele, kati ya injini na miguu ya dereva, umeshikana na sakafu. Sakafu imeshikana na mgongo wa katikati unaopitisha shafti ya kuzungusha magurudumu ya nyuma. Na vyote hivyo vinazuiwa visijikunje na vile vizingiti viwili. Kila kizingiti ni mabati matatu: la nje, la ndani, na moja limesimama katikati yake. Gari lenye paa husaidiwa na paa. Hili halikuwa nalo.

Mzee Maganga alinieleza yote. Alitoa kasha la kiberiti mfukoni, akalibonyeza, likakaza. Akachomoa droo, akalibonyeza tena, likalala.

"Umeona, Stanslaus? Kabla ya kukata, funga chuma kwenye uwazi wa mlango, mbele na nyuma vishikane. Weka magogo chini ya tumbo la gari. Kata upande mmoja, uchomelee, umalize. Ndipo uende wa pili."

"Nimeelewa, Mzee."

Nimeelewa! Sikio la kufa halisikii dawa. Yeye alipoitwa Mwadui siku mbili, mimi nikataka arudi akute kazi imeisha. Niliinua gari kwa jeki mbele na nyuma, kama lori. Sikufunga chuma chochote. Nikakata vizingiti vyote viwili kwa mara moja, bati la nje na la ndani, nikachomelea mapya. La katikati sikuliweka kabisa. Nani angeliona?

Nilipojaribu kufunga mlango, ukakataa. Juu umebana, chini kuna mwanya wa kupitisha kidole. Lahaula! Tumbo la gari lilikuwa limeshuka wakati nimelikata, na mimi nimelichomelea hivyo hivyo, limepinda. Dawa yake ilikuwa moja: kukata upya na kumwambia Mzee. Nilisimama pale nimeshika tupa, chuma cha kukwangulia bati. Nikawaza barua yangu ya sifa, nikawaza kicheko cha gereji nzima. Nikaupiga tupa mlango juu mpaka ukaingia. Chini nikajaza puti. Doto akaja akapaka rangi nyekundu, akarudi nyuma akatazama. "Stani, hili tungeliombea mahari," akasema.

Mzee aliporudi alizunguka gari, akafungua mlango, akafunga. Ukafunga vizuri mno. Akanitazama kidogo, kisha akasema, "Kesho asubuhi, barabarani."

Asubuhi nilifika nimeshika tumbo. Nikasema nimehara usiku kucha, siwezi kukaa garini. Mungu ananijua, sikuwa na hata gesi. Nilijua tu sitaki kukaa kwenye kile kiti.

Mzee Maganga akakunja uso. Doto akadakia, "Mzee, na mimi nimelishika hili gari. Nyundo sikushika, lakini brashi je?" Akaruka ndani bila kufungua mlango, akaweka mkono nje kama bwana mkubwa. Nilikuwa na muda wa kusema. Mzee alihangaika na ufunguo, injini ikagoma mara mbili, na mimi niko hatua tatu kutoka kwa Doto. Nikaendelea kushika tumbo.

Lilijikunja katikati baada ya matuta ya kwanza, likaacha njia, likaingia kwenye mtaro wa kalvati. Milango ikabana. Mzee walimtoa kwa juu, nyonga imevunjika. Doto alikuwa ameshakufa. Wali na maharage vya Mama Kabula vilifika gerejini saa sita kama kawaida, naye akanipa mimi kwanza, akaniuliza mwenzangu yuko wapi. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Mzee Maganga alirudi baada ya miezi, na magongo. Aliniita nyuma ya gereji palipokuwa na mabaki ya gari, akakwaruza ukingo wa mlango kwa msumari.

"Umeupiga tupa."

"Ndiyo, Mzee."

"Na tumbo?"

Nikaomba moyoni anipige, hakunipiga.

"Wakubwa wa gereji nimewaambia bodi ilikuwa imeoza," akasema. "Nami nina sehemu yangu, nilipaswa kuchungulia ndani. Lakini mama yule utamwambia mwenyewe."

Padri nilimwambia wiki ile ile, akanipa rozari za kusali. Mama Kabula sikumwambia. Nilihamia Geita, karakana ya malori ya pamba, nikapanda hadi kuwa Fundi Mkuu, na vijana wangu wote niliwalazimisha kukaa kiti cha pembeni. Walinong'ona kwamba mzee ana kichaa. Mzee Maganga alifariki nikiwa huko. Nilipostaafu walinipa redio na kitenge cha mke wangu, na mkurugenzi akasema mimi ni mfano wa uaminifu kazini. Watu wakapiga makofi.

Miaka yote hiyo nilikuwa nikipita Kagongwa kumsalimu Mama Kabula. Nilimwezekea nyumba, nilimsaidia binti yao Kabula mpaka akamaliza shule. Na kila nikifika, yule mama ananichemshia uji wa mtama, mwepesi, bila ndimu. "Wabeja, asante shemeji, kwa kufika. Tumbo lako linaendeleaje?" Amekuwa akinilelea tumbo lile tangu siku ya msiba. Akiwasimulia majirani anasema, "Huyu Mungu alimwokoa kwa ugonjwa, ili sisi tusibaki bila mtu."

Mwaka huu nimekwenda tena. Ameshazeeka, lakini uji aliupika mwenyewe. Akaniuliza lile lile. Nikaweka kikombe chini.

"Mama Kabula, siku ile tumbo halikuwa linaniuma."

Nikamweleza yote, vizingiti, mlango, tupa. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Doto alijua?"

"Hakujua."

Alichukua kikombe mbele yangu, akaenda mpaka kwenye kuku, akaumwaga uji taratibu. Kisha akaingia ndani. Nilikaa pale kibarazani mpaka jua likanifikia, hakutoka.

Sasa naumwa tumbo kweli. Hakuna anayeniuliza.