Maneno ya Mgongoni

Zuwena binti Abdulwahab si mtu wa Lindi wa kuzaliwa. Kwao Kilwa, na mtu wa kwao ukimchokoza, jibu lako unalipata. Hilo hulisema mwenyewe, tena kwa kujivuna. Ndoa ndiyo iliyomleta Mtanda, akaolewa na Musa, muuza vipuri vya mashine za boti, mtu mpole asiyependa kelele hata za redio.

Hapo Mtanda Zuwena ana jimu. Ndiyo, jimu, ya kunyanyua vyuma! Zamani lilikuwa ghala la nazi la baba mkwe wake. Mzee alipofariki ghala likabaki na panya, mpaka siku daktari alipomwambia Zuwena kwamba presha yake imepanda na dawa peke yake haitatosha, lazima atoke jasho. Akatoka jasho. Alilifagia ghala, akalipaka chokaa, akatandika mikeka, akampata fundi wa kujaza zege kwenye makopo ya rangi na kuyaunganisha kwa vipande vya bomba. Hivyo ndivyo vyuma vyake vya kwanza, na mpaka leo vipo. Asubuhi ni zamu ya kina mama peke yao, pazia limeshushwa. Jioni ni ya wote, baba na mama na watoto wao. Ukutani nje ameandika kwa rangi ya kijani JIMU YA FAMILIA, na ole wako utukane humo ndani! Vijana wenye vifua vya kutisha humwamkia shikamoo kabla hawajagusa chuma.

Sasa huyohuyo mlinzi wa adabu alikuwa na kanga yake.

Ng'ambo ya njia, mlango unatazamana na mlango wa jimu, anakaa Mwanasha, dada mkubwa wa Musa. Aliolewa, akaachika, hakujaliwa mtoto. Anakaanga vitumbua barazani kwake na kuuza. Jimu ilipofunguliwa, Mwanasha alisema kwenye harusi moja ya mtaani, mbele za watu, kwamba mdogo wake kaoa kuli. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Pengine ulikuwa utani tu, mawifi hutaniana, lakini Zuwena ulimchoma. Hakujibu palepale. Alisubiri mpaka siku aliyokuwa anarudi kutoka kwao. Basi likasimama Nangurukuru watu wanunue chakula, naye badala ya chakula akanunua doti ya kanga. Nyekundu na nyeusi, na maneno yake hayahitaji mkalimani: WANGU NAMLEA, WEWE UNAMLEA NANI?

Jamani! Kumwambia hivyo mwanamke asiyejaliwa! Lakini kanga pwani hii ndiyo kazi yake. Yale yanayokushinda kuyasema kwa mdomo unayafunga kiunoni na kupita nayo. Zuwena aliifunga juu ya suruali yake ya mazoezi, akayanyoosha maneno yakae nyuma yasomeke vizuri, akapita polepole mbele ya baraza la wifi yake.

Mwanasha aliinua uso kutoka kwenye vitumbua vyake. "Umependeza, wifi yangu," akasema.

Hebu fikiria. Unamtupia mtu jiwe, anakuambia ahsante. Zuwena alirudi ndani na hasira zake. Haukupita muda Mwanasha naye akatoka na kanga mpya, ya bluu: NIMEPATA WIFI, NIMEPATA NDUGU. Hapo Zuwena akaapa kwamba tangu azaliwe hajaona kejeli kubwa kama ile.

"Ananicheka!" akamwambia Musa. "Dada yako ananicheka mchana kweupe!"

Musa aliinamia sahani yake ya wali, akasema samaki wa leo amezidi chumvi.

Basi vita ikaendelea hivyo kwa miaka. Zuwena anapita na kanga yake nyekundu, Mwanasha anamwambia amependeza, Zuwena anaingia jimu na kuvipiga vyuma chini. Na ajabu ya mambo, mtoto wake Khamisi akitoka shule alikuwa anakula kwa shangazi yake, anaoga huko, analala mchana huko, maana mama yuko jimu. Hilo Zuwena hakuliona kuwa ni kitu. Shangazi ni shangazi, atakula kwa nani tena?

Sasa njoo kwa Mudathiri. Huyu ni dereva wa bodaboda, kijana wa maneno mengi na mwili uliojengeka. Si mtu mbaya. Mzee akishindwa kuinuka mkekani, Mudathiri ndiye wa kwanza kumpa mkono. Jioni moja alikuja na fulana mpya aliyoinunua Dar. Mbele haina kitu. Mgongoni, kwa herufi nyeupe kubwa, imeandikwa VIBONGE, PISHENI NJIA!

Wenzake walicheka, wakagongesha naye ngumi. Zuwena alikuwa uani anachota maji, hakuona.

Jioni hiyo alikuwapo Dativa, mama wa Kimakonde aliyeshuka na mumewe kutoka Newala kuuza nafaka sokoni. Mwanamke mnene, mnene haswa, na mwenye aibu. Presha ndiyo iliyomleta, kama ilivyomleta Zuwena mwenyewe, na ilimchukua muda mrefu kukubali kuvaa raba mbele za watu. Alikuja na binti yake Apolonia, aliyekuwa ndiyo kwanza anajua kusoma, na mtoto wa hivyo hapitwi na maandishi. Husoma mabango, husoma mifuko ya sabuni, husoma na kuta. Watu walipanga mstari wa mchakamchaka kuzunguka ukumbi, Mudathiri akiwa mbele ya Dativa na mwanawe.

"Vi-bo-nge," Apolonia akasoma kwa sauti huku anakimbia. "Pi-she-ni nji-a. Mama, kibonge ni nani?"

Mtu mmoja aliguna kwa kicheko akajizuia. Dativa alipunguza mwendo, akasimama, akamshika mwanawe mkono, akachukua mtandio wake msumarini na kutoka. Zuwena alimkimbilia mpaka njiani.

"Dativa, mama, kuna nini?"

"Hamna kitu, Mama Khamisi. Nimechoka tu."

Mtu aliyechoka halii. Zuwena alirudi ndani, akauliza, akaambiwa, akamtafuta Mudathiri, kumbe keshaondoka na abiria. Usiku ule hakupata usingizi mzuri. Alimwona Dativa akifunga kamba za raba kwa taabu, akimeza dawa zake, akijilazimisha kuja. Mwanamke kaja kuokoa roho yake, na mwanawe mwenyewe ndiye aliyemsomea tusi.

Kesho yake jioni Dativa hakuja. Mudathiri alikuja, na fulana yake ileile. Zuwena alimkuta mlangoni, ukumbi umeshajaa watu.

"Shikamoo, Mama Khamisi."

"Marahaba. Fulana hiyo humu haiingii."

"Loo! Imekosa nini tena?"

"Soma mgongo wako, kama unaweza."

Vijana wakacheka. Mudathiri naye akacheka, lakini si sana. "Mama Khamisi, huo ni utani. Nimemtaja nani kwa jina? Aliyekasirika kaichukua mwenyewe akajivika."

Mzee mmoja akamuunga mkono, akasema nguo ni mali ya mtu, leo tukikataza maandishi kesho tutakataza rangi. Mama mmoja akasema hapana, hapa wanakuja watoto. Wakaanza kubishana. Zuwena aliinua mkono wakanyamaza.

"Sikilizeni. Mtu akinitukana kwa mdomo, namwona uso, namjibu, tunayamaliza. Neno la mgongoni linakusema huku mwenyewe keshakupa kisogo. Utamjibu nani, mgongo? Na kesho analivaa tena, na keshokutwa. Mtu hajui hata kama unaendelea kumchukia au umeshasahau. Huko barabarani jivalieni mtakavyo. Humu nimeandika familia, na familia haimtupi mtu nje kwa fulana."

Maneno yalimpendeza hata yeye mwenyewe, na alikuwa na haki, usinibishie. Mudathiri alikuwa ameshaishika fulana pindoni aivue. Kweli kabisa, alikuwa anaivua. Ila kijana akishaaibishwa mbele za wenzake hutafuta pa kupenyea, na wakati huohuo Zuwena aligeuka kuokota chupa yake ya maji.

"Na hiyo je?" Mudathiri akasema.

"Ipi?"

"'Wangu namlea, wewe unamlea nani?'" Aliisoma kwa sauti ya mpiga debe wa stendi. "Hiyo nayo si ya mgongoni?"

"Kanga ni kanga!" Zuwena akafoka. "Usinichanganyie mambo, kanga ni..."

Hakumaliza. Watu hawakuwa wanamtazama yeye, walikuwa wanatazama mlangoni. Mwanasha alikuwa amesimama pale na bakuli la vitumbua vya watoto, kama alivyozoea kuwaletea jioni.

"Rudia, mwanangu," Mwanasha akamwambia Mudathiri. "Hiyo kanga imeandikwa nini?"

"Bi Mwanasha, mimi nilikuwa natania tu."

"Rudia."

Mudathiri akarudia, safari hii kwa sauti ya chini, akiangalia miguu yake.

"Musa aliniambia imeandikwa 'Wifi yangu ni nuru yangu'," Mwanasha akasema polepole. "Mimi msahafu nasoma, nimefundishwa chuoni toka utoto. Herufi hizi za shule sizijui." Kisha akamtazama Zuwena. "Kumbe ni swali. Haya, nikujibu. Namlea Khamisi."

Akaliweka bakuli chini, akavuka njia, akaingia ndani kwake.

Sasa ndipo yalipomrudia Zuwena yote. Simu ya Mwanasha ikipata ujumbe humpa Khamisi amsomee, "macho yangu siku hizi, mwanangu." Kule kupendeza alikoambiwa miaka yote kulikuwa kupendeza kweli. Majirani walidhani Mwanasha anajua ila kaamua kunyamaza. Na hata wangehisi, nani angekwenda kumsomea mtu tusi lake? Aliifungua ile kanga pale pale mbele ya watu, akaikunjakunja, akaiingiza chini ya meza. Aibu iliyomshika siku hiyo, mtu asikuhadithie.

Nyumbani alimvaa Musa.

"Ulijua! Miaka yote hii ulijua!"

"Ningefanyaje? Huyu dada, huyu mke."

"Ungeniambia kama hasomi!"

"Ningekuambia, ungeivua?"

Jibu Zuwena alikuwa nalo, na lilimtisha. Asingeivua. Angetafuta mtu wa kwenda kumsomea.

Asubuhi Mudathiri alikwenda sokoni, fulana ya bluu isiyo na neno, akamwomba radhi Dativa mbele ya magunia yake ya mahindi. Tena hakutumwa na mtu. Dativa alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia amnyanyulie lile gunia la nyuma, na mengine mawili. Jioni alirudi jimu na Apolonia. Ukutani, chini ya JIMU YA FAMILIA, walikuta rangi mbichi: NGUO YA KUMSEMA MTU IBAKI NYUMBANI. Apolonia aliisoma yote bila kukwama.

Lakini baraza la Mwanasha siku hiyo halikuwa na moto. Khamisi alikula kwa shangazi yake bila kusemeshwa, akaja kumuuliza mama yake shangazi anaumwa nini. Zuwena aliwaachia watu vyuma vyao, akavaa dera lisilo na maandishi, akavuka njia. Hatua chache tu zile, lakini miguu ilikuwa mizito kuliko siku yoyote ya mazoezi.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba." Mwanasha alikuwa amekaa mkekani, mikono imelala mapajani.

Zuwena alikaa chini mbele yake. Alikuwa ameyapanga maneno mengi njia nzima, ya harusini, ya kuli, ya hasira, yote yakayeyuka. "Nisamehe," akasema. "Nimekukosea vibaya. Sina la kujitetea."

Mwanasha aliinuka kwa kujikongoja, akaingia chumbani. Zuwena akadhani ndiyo kafukuzwa, akaanza kutafuta ndara zake. Mara Mwanasha akatoka na ile kanga ya bluu, imekunjwa vizuri, inanukia udi. Akampa.

"Nisomee."

"Nikusomee nini, wifi?"

"Maneno yake. Nilimtuma Musa aninunulie ya kukujibu yale maneno yako mazuri. Sasa yeye simwamini tena. Nimekesha nawaza. Isije ikawa nami nimekuwa nakutukana miaka yote hii, na mimi sijui."

Zuwena aliikunjua kanga mapajani mwake. "Nimepata wifi," akasoma, "nimepata ndugu."

"Ndivyo ilivyoandikwa?"

"Ndivyo."

"Soma tena."

Akasoma tena, na safari hii neno la mwisho likamshinda, akalia. Mwanasha aliichukua kanga yake, akaikunja taratibu, pindo juu ya pindo.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi mimi sikukukosea."