Sirene ya Mama Brigitte

Serikali ilituma feza ku radio yake ya Kolwezi, banunue mashini ya kuonya bantu kama hatari iko karibu. Mama Brigitte, mutangazaji, njo alichagula sauti ya ile mashini: sirene moja ya kulia mubaya sana. "Hata mufu atasikia," alisema, kifua mbele.

Siku moja mawingu ya mweusi ya mvula ikasimama juu ya carrière, kule bantu banachimba mawe ya madini bila ruhusa. Bwana yake, Symphorien, alikuwa kule chini anachimba, na ile mashimo ikijaa mayi, hakuna kutoka. Brigitte akafinya bouton ya sirene.

Bantu bakakimbia kweli. Lakini balikimbia kushuka mu mashimo, na mifuko ku bega. Sababu ku Kolwezi sirene inalia wakati banapasula dinamiti, na mwenye kufika wa kwanza njo anaokota mawe ya muzuri. Brigitte alisahau ile, ye bibi ya muchimbaji.

Akapiga simu. "Mama, acha kunisumbua," Symphorien akajibu. "Niko mbele ya bote."

Akakamata micro ya ile mashini: "Bandugu, polisi ya mine iko mu njia, na camion tatu."

Carrière ikabaki butupu mbele ya mvula kuanguka. Kisha mashimo yote ikajaa mayi.

Symphorien akafika ku radio, matope mpaka ku masikio. "Polisi iko wapi?"

Brigitte akamuonyesha mvula ku dirisha. "Ile pale. Na ile, hata ukiinunulia bière kama polisi ingine, haikuachilii."